Bafta Iliyofuliwa

Kokila aliponiambia anakwenda kusomea kamusi, nilimuuliza kama vitabu vyenye hadithi vimekwisha. Alikuwa na miaka sitini na miwili, mjane, duka lake la nguo la Southall limeshafungwa, na mimi nilikuwa nimeshaupanga uzee wetu. Tungepanda treni siku za jua tukatembee. Tungekaa jikoni kwake tukitafuna ubuyu unaoletwa na wageni kutoka Unguja, na kuwasengenya watu kwa raha zetu. Yeye akaja na habari za kutaka udaktari, na si wa hospitali.

"Wa nini basi?" nikamuuliza.

"Wa kamusi za zamani za Kiingereza, shoga. Zile za mwanzo kabisa. Nataka kujua waliziandikaje, maneno gani waliyachagua, na waliyaeleza kwa mtindo gani."

"Na Waingereza wenyewe imewashinda kazi hiyo?"

"Haijawashinda. Lakini wanaoisoma hawajapata kuuza nguo."

Nilimwona amepungukiwa. Nasema kweli, maana nimeamua kuandika habari zake na sitaki kuzipamba. Digrii ya kwanza alikuwa ameshaichukua kwa masomo ya jioni, akaongeza ya pili, nikampikia biriani mara zote mbili. Nilidhani ameshiba.

Mimi ni Thuwaiba, fundi cherehani, mzaliwa wa Kikwajuni, Unguja. Miaka kumi na tisa nilikaa chumba cha nyuma cha duka la Kokila, nikipunguza suruali, nikikata blauzi za sari, na kumsikiliza anavyouza. Wenzake mtaani walikuwa wakimsomea mteja kibandiko: pamba kiasi hiki, upana kiasi hiki. Kokila hakuwa na habari na vibandiko. Alimtia mteja kitambaa mkononi, akamwambia kitakavyokuwa baada ya kufuliwa mara tatu. Hii itatoa rangi, usiifue na nyeupe. Hii itarudi, ongeza nusu yadi. Watu walitoka Hounslow, wengine walitoka Ilford, upande wa pili wa mji, wakapita maduka hamsini ya nguo kuja kusikia ukweli kwake.

Kazi hiyo alifunzwa na baba yake, aliyekuwa na duka Darajani. Aliuza merikani, kaniki, kanga na bafta. Bafta nani asiyeijua kwetu? Ile nguo nyeupe ya pamba, tunashonea bitana na kanzu za ndani, na ndiyo tunayovishwa siku ya kuzikwa. Mapinduzi yalipotokea, mwaka wa sitini na nne, Kokila alikuwa na miaka kumi na tatu. Duka likafungwa, wakahamia Dar es Salaam, na miaka minne baadaye yeye na mama yake wakashuka Heathrow na masanduku mawili. Ukimuuliza habari za siku zile atakujibu kwa ufupi, halafu atakuuliza kama umekula. Sitamsemea zaidi ya alivyojisemea.

Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kuosha masinia ya chakula cha ndege. Kiingereza chake kilikuwa cha skuli, cha kujibu maswali ya mwalimu, na wenzake jikoni walikuwa wakisema upesi. Basi kwenye mnada wa vitu vikuukuu wa kanisa moja Hounslow akanunua kamusi iliyokatika jalada. Akaisoma ndani ya basi, kwenda na kurudi, kuanzia herufi ya kwanza, kama watu wanavyosoma riwaya. Alipofika mwisho akanunua nyingine, ya zamani zaidi. Hapo ndipo alipoanza kuona mambo.

"Thuwaiba, hawa wameigiziana," aliniambia siku moja dukani, mimi niko kwenye mashine. "Maelezo ni yale yale, maneno ni yale yale, mpaka nukta."

"Labda wote wamepata jawabu sahihi."

"Watoto wawili wa skuli wakipata jawabu moja sahihi, mwalimu hufurahi. Wakipata kosa moja, hujua wamekaa dawati moja."

Huyo ndiye Kokila. Akishapata uzi hauachii mpaka nguo nzima ifumuke. Ndiyo maana nasema nilikosea kudhani ameshiba.

Chuo kimoja cha katikati ya mji kikamkubali, akapewa msimamizi anayeitwa Dokta Leonard. Yeye alimwambia amwite Leonard tu, kama wanafunzi wote, lakini Kokila hakuweza kumwita mwalimu wake kwa jina tupu. Alikuwa mtu mwema, mwembamba, mwenye kuomba radhi hata ukimkanyaga wewe. Miaka sita Kokila alipanda treni ya Southall mara tatu kwa wiki, akaenda kukaa katika chumba cha vitabu adimu. Nilimuuliza kama anavaa glavu nyeupe kama kwenye televisheni. Akacheka. Wanaosha mikono wakaingia nayo mitupu, akasema, maana glavu humfanya mtu asijue anachokigusa. Kitabu hulazwa juu ya mto, kurasa hushikwa na kamba nzito yenye shanga za madini ya risasi ndani, na kalamu ya wino ni marufuku.

Jioni akinisimulia, na mimi, kusema kweli, nikaanza kunogewa. Kamusi zile za mwanzo, za miaka ya elfu moja mia sita na kitu, hazikueleza maneno yote. Zilieleza yale magumu tu, yaliyotoka Kilatini na Kigiriki, na waandishi walisema wazi wanawaandikia wanawake na watu wasiosoma sana. Maelezo yalikuwa mafupi, maneno mawili matatu yaliyofungwa kwa "au". Baadaye zikaanza kunenepa, maneno ya kila siku yakaingia, na hapo waandishi wakababaika. Utamwelezaje mtu mbwa? Basi wengine wakaandika tu kwamba ni mnyama anayejulikana.

"Kama anajulikana, wamemwandika wa nini?" nikasema.

"Hilo swali lako lina kurasa arubaini kwenye sura ya pili," Kokila akaniambia.

Alikuwa na makopo mawili ya biskuti, yamejaa kadi. Juu ya moja aliandika kwa Kiswahili ALIYESOMA, juu ya la pili ALIYESHIKA. Kila maelezo ya kamusi aliyoyanakili, aliyapima kwa mtindo wake akaamua yaingie kopo gani. Kama mwandishi anasema kitu ni aina ya kitu kingine, kitokacho nchi fulani, huyo amesoma kwa mwenzake. Kama anasema kinanukaje, kinakatikaje, kinafanyaje ukikichemsha, huyo amekishika. Kopo la kwanza lilijaa likahitaji ndugu yake. La pili lilifika nusu.

Sasa tuje kwenye bafta yenyewe. Waingereza waliichukua nguo hiyo India, na jina lake pia wakalichukua wakalipindapinda kidogo. Kokila alilikuta katika kamusi saba za zamani, na zote saba zilisema jambo moja: kitambaa kigumu cha pamba, kitokacho India. Kigumu. Mimi nilipoambiwa nilidhani anatania. Bafta ngumu? Nguo tunayomvalisha maiti wetu kwa mkono mwepesi?

Lakini kila mwanamke wa kwetu aliyewahi kununua kanga mpya atalijua jibu. Nguo mpya hutoka imelishwa wanga, imekakamaa, ukiikunja inatoa mlio. Unaifua mara moja, wanga unakwenda na maji, nguo inalala. Aliyeandika mara ya kwanza kwamba bafta ni ngumu aliiona ikiwa jora, ghalani au dukani, akaigusa kwa kidole akaondoka. Hakuifua. Sita waliomfuata hawakuigusa kabisa, walimgusa yeye. Kokila akatafuta mpaka akapata barua za karani mmoja wa ghala hapa hapa London, wa zama zile zile, akilalamika kwamba bafta zinazoshushwa zimejazwa wanga mpaka zinakatika kwenye mikunjo.

Kisha akaletewa kamusi ndogo, ya miaka ya elfu moja mia saba na kitu, iliyochanika ukurasa wa mbele, haina jina la mwandishi. Alinipigia simu akiwa ngazini nje ya maktaba.

"Shoga, sikiliza. Kitambaa cha pamba cha India, kigumu dukani, laini kikishafuliwa."

Nikaiweka sindano chini.

"Huyu alifua," nikasema.

"Alifua! Na si bafta tu. Nimehesabu nguo kumi na moja humu ndani, zote ameeleza zikifuliwa zinakuwaje. Ipi inarudi, ipi inatoa rangi, ipi isipigwe pasi ikikauka. Watu miaka yote wanasema hii kamusi ndogo imeibwa kwenye zile kubwa. Haikuibwa yote. Kuna mtu humu ndani ana mikono yake."

Dokta Leonard alipomuuliza mtu huyo ni nani, alimjibu kwamba hajui. Pengine mke wa mwandishi, pengine mtumishi wake, pengine mwandishi mwenyewe alikuwa mwanamke. Anachojua ni kwamba mkono uliloa maji, na hataandika zaidi ya anachojua. Dokta Leonard alimsifu sana kwa hilo. Akasema sura hiyo ndiyo bora ya kazi yake yote.

Matatizo yakaja kwa sababu Kokila hawezi kuacha uzi nusu. Aliufuata ugumu wa bafta kutoka kamusi hadi kamusi, karne hadi karne, aone umekufa lini. Haukufa. Aliukuta hai katika kamusi mpya ya vitambaa vya kale, kitabu kinene chenye picha, kinachotumiwa na makumbusho na vyuo. Bafta: kitambaa kigumu cha pamba kutoka India. Chini yake, kwa herufi ndogo, kumetajwa maelezo yametoka kitabu gani, na kitabu hicho kiliyatoa katika kipi, mpaka unarudi kwa yule bwana wa kwanza na kidole chake.

Mwandishi wa kamusi hiyo mpya alikuwa profesa mmoja mwanamke, bingwa wa maneno ya nguo. Na huyo profesa ndiye aliyekuwa ameshateuliwa kutoka chuo kingine kuja kumtahini Kokila kwa mdomo. Karatasi zilikuwa zimeshapelekwa na kutiwa saini.

Kokila alinisimulia kikao chake na msimamizi wake akiwa amekaa jikoni kwangu bila ya kuvua koti. Dokta Leonard alisoma ukurasa wenye habari hiyo mara mbili, akavua miwani.

"Mnyororo wako unaweza kuishia karne ya kumi na tisa," alimwambia. "Ni sentensi nne tu zinazomtaja Profesa. Hoja yako haiharibiki. Yeye akitaka anaweza kukurudisha ukaandike upya mwaka mzima, au akatae kabisa."

"Ni kweli au si kweli nilichoandika?"

"Ni kweli."

"Basi zikae."

Dokta Leonard hakubishana naye, alimwomba tu afikirie. Suresh, mwanawe wa pekee, alipoambiwa alisema kwa Kiingereza, kama anavyojibu kila tunachomwambia kwa Kiswahili, kwamba mama yake akate hizo sentensi nne achukue cheti chake aende nyumbani. Na mimi, kwa aibu yangu, nilisema hivyo hivyo. Mimi ninayejulikana Southall nzima kwa mdomo wangu! Lakini nilikuwa nimeyaona macho yake yanavyovimba kwa kusoma, nimemwona anateleza kwenye barafu ya stesheni na mkoba ameukumbatia, na sikutaka mtu mmoja mwenye kinyongo aje ayafute yote.

"Miaka sita, Kokila," nikamwambia. "Kwa sentensi nne."

"Ndiyo miaka sita yenyewe hiyo, Thuwaiba. Nimeandika kurasa mia tatu kusema fulani alimwigiza fulani. Wote wamekufa, hawawezi kunijibu. Nikimwacha huyu mmoja kwa sababu yuko hai na ana kalamu, nitakuwa nimesema ni maiti tu ndio wanaoigiza."

"Na akikufelisha?"

"Nitakuwa nimefeli kwa kweli." Akavua koti. "Una chai?"

Hakuwa na hofu. Niliitafuta usoni mwake sikuiona, nikakasirika, maana nilikuwa nimeibeba mimi ya watu wawili.

Siku ya mtihani, Novemba ya elfu mbili na kumi na tisa, nilimsindikiza. Alivaa sari ya rangi ya zambarau na koti juu yake, na ndani ya mkoba, pamoja na kazi yake iliyopigwa chapa, alitia pima moja ya bafta. Ilitoka kwenye jora la mwisho la duka, haijapata kuona maji. Sikuuliza ya nini. Mimi nilibeba chupa ya chai na kachori kumi na mbili.

Watahini walikuwa wawili, bwana mmoja wa chuo kile kile, na profesa wa nguo. Mimi sikumwona anaingia, nilikuwa nimepotea kwenye korido natafuta mahali pa kuchaji simu. Niliporudi mlango umeshafungwa, na Dokta Leonard amekaa kwenye benchi nje anatafuna kucha. Nikampa kachori. Akala nne bila ya kujua anakula nini.

Saa nzima ikapita. Tulisikia sauti, hatukusikia maneno. Adhuhuri ilikuwa imeingia, nikaenda chooni kutawadha. Niko kwenye beseni, mikono ya baibui nimeikunja hadi kwenye viwiko, mlango ukafunguliwa akaingia mama mmoja wa Kizungu, mrefu, nywele nyeupe zilizokatwa fupi, amekunja uso. Mkononi ana kipande cha bafta. Akafungua maji kwenye beseni la pili, akakitupa ndani, akaanza kukikamua kama anayemnyonga kuku.

Mtu mwenye akili timamu angeunganisha mambo. Mimi ni fundi, niliona nguo inateswa.

"Acha!" nikamwambia kwa Kiingereza changu. "Hapana, hapana! Usiikamue hivyo, utaivuta nyuzi. Maji yako baridi, tia ya moto kidogo. Sasa isugue nguo kwa nguo. Polepole. Hujapata kufua maishani mwako?"

Akanitazama. Nilidhani atanijibu vibaya. Akafungua maji ya moto.

"Hivi?"

"Hivyo. Angalia maji."

Maji yalikuwa yamegeuka meupe, mazito kidogo, kama yaliyooshewa mchele. Akayatazama kwa muda mrefu. Akayamwaga, akatia mengine, yakawa meupe tena lakini kwa uhafifu. Mara ya tatu yakabaki maji. Alikuwa ameshaacha kukunja uso, amekunja mikono ya shati.

"Sasa ni laini," akasema.

"Usidanganyike, mama. Nguo yoyote ikiloa ni laini. Ikaushe kwanza ndipo useme."

Tukaipeleka wote wawili chini ya mashine ya kukaushia mikono, yeye ameshika pembe mbili na mimi mbili. Mashine ikawa inazima kila baada ya dakika, tunaiamsha. Ndipo, katikati ya kelele ile, nilipoiona kadi iliyoning'inia shingoni mwake, nikasoma jina la yule aliyeandika kamusi ya vitambaa.

Nimemuuliza mtahini wa Kokila kama hajapata kufua maishani mwake! Niliachia pembe moja. Yeye hakuona, alikuwa anaipitisha bafta baina ya kidole gumba na cha shahada, anarudia na kurudia. Kisha akashukuru kwa adabu, akatoka nayo ikiwa na unyevu bado. Nilitawadha upya, maana sikujua tena nilikuwa nimefika wapi, nikasali pembezoni mwa korido nikimwombea Kokila na kujilaumu mwenyewe.

Yaliyopita ndani niliyapata kwa Kokila baadaye. Profesa hakupiga kelele. Alifungua ukurasa wenye zile sentensi nne akauliza, taratibu, kama mtahiniwa anaamini kweli kwamba miaka thelathini na moja ya kuuza nguo Southall inatosha kumsahihisha mtu aliyesoma kila karatasi iliyobaki juu ya jambo hilo. Kokila akamjibu kwamba hapana, duka halitoshi. Kinachotosha ni barua za karani, na kamusi ndogo, na nguo zake kumi na moja. Duka lilimfundisha tu swali la kuuliza. Kisha akatoa bafta mkobani akaiweka mezani juu ya kamusi nene ya Profesa.

"Hii ndiyo waliyoigusa wao," akamwambia. "Ukitaka kujua aliyoigusa yule wa kamusi ndogo, beseni liko nje."

Yule bwana wa chuo alikohoa. Profesa akainuka, akaichukua, akatoka.

Aliporudi walizungumza robo saa nyingine. Mlango ukafunguliwa, Kokila akatoka wa kwanza, na uso wake haukuniambia kitu. Nyuma yake yule bwana, anatabasamu. Akampa Dokta Leonard mkono, akasema Kokila amepasi, masahihisho madogo tu, makosa ya chapa mawili matatu. Sentensi nne zibaki kama zilivyo. Mimi nililia pale pale, kwa sauti, sina haya. Dokta Leonard alifuta miwani yake kwa tai.

Profesa alitoka wa mwisho, bafta imelala kwenye mkono wake. Aliponiona akasita, akaniinamishia kichwa, nami nikatamani sakafu inimeze.

"Kamusi yangu inapigwa chapa upya mwakani," alimwambia Kokila, mbele yetu sote. "Maelezo ya bafta yabadilike. Nipe ya kwako, nitayatia neno kwa neno, na jina lako chini yake."

Nikamfinya Kokila kiuno. Jina lake ndani ya kitabu kile, mtoto wa Darajani! Dokta Leonard alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni anampa.

Kokila hakuipokea. Alisogea akaukunja mkono wa Profesa juu ya kile kitambaa.

"Ahsante, Profesa. Lakini usinakili kwangu," akasema. "Umeifua mwenyewe. Andika ulichokishika."

Profesa akatazama huku na huku, akaja akakaa kwenye benchi, pembeni yangu, akaitandaza bafta magotini. Akachukua kalamu ya Dokta Leonard na nyuma ya bahasha akaandika maneno mawili. Akaishika nguo. Akayafuta. Akaishika tena, macho ameyafumba, akaandika moja, akalikata. Mtu aliyeeleza nguo elfu kwa watu wote duniani! Mwishowe akanigeukia mimi, mwalimu wake wa kufua, akaniuliza kwa sauti ya chini ulaini kama huu mimi ningeusemaje.

Nikafungua mdomo. Kokila akanikanyaga mguu.